Ukimya wa Kumi na Nne

Nilikitambua kiti kabla sijakitambua chumba. Kilikuwa kiti cha mbao ambacho mguu wake mmoja wa nyuma umefungwa kamba ya katani, na fundo la kamba ile nililifunga mimi kwa mikono yangu, fundo la washonaji, ambalo halifunguki ila kwa mkasi. Kilisimama katikati ya kioo cha simu ya Mama Vifungo, kidogo kama kibiriti, na vichwa sita vya wanawake vilikuwa vimekizunguka kama kuku waliomwagiwa punje.

"Msipumue, jamani," alisema Mama Vifungo. "Dakika ya saba hiyo inakuja."

Ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana. Cherehani zote zilikuwa zimezimwa, na masikio yetu yalikuwa bado yanavuma, kama yanavyovuma kila siku zinapozimwa kwa pamoja. Karakana yetu inashona mashuka, foronya na mapazia ya hoteli. Mimi kazi yangu ni pindo, ndiyo maana naitwa Dada Pindo. Mwenzangu wa meza ya pili anatia vifungo kwenye foronya, naye huitwa Mama Vifungo, ingawa mwenyewe husema vifungo ndio watoto pekee aliojaliwa, na hata hao huwaachia wageni wa hoteli.

Nilisogea na kikombe changu cha chai.

"Dada Pindo, wewe kaa mbali," alisema bila kuinua uso. "Moyo wako bado mbichi. Hii si ya wafiwa."

"Ni nini?"

"Ukimya Kumi na Nne! Dunia nzima inaizungumza, wewe tu na pindo zako."

Nilichungulia juu ya bega lake. Chumba kitupu. Sakafu ya saruji, ukuta uliopakwa chokaa nusu, dirisha lililotundikwa shuka badala ya pazia, na kile kiti. Hakuna mtu. Hakuna sauti, ila ule mvumo mdogo usio na jina ambao kila chumba huwa nao ukikisikiliza. Shuka likajaa upepo, likatulia. Wanawake wakashikana mikono. Kisha, ukutani, kivuli cha mtu kikaja polepole mpaka usawa wa mlango, kikasimama. Kilikuwa na kitu kikubwa cha mviringo ubavuni. Kilisimama tu, hakikuingia wala hakikuondoka, dakika moja, mbili, tatu, nne.

Halafu ko. Ko. Ko.

Picha ikakatika, kioo kikawa cheusi. Mmoja alipiga yowe, mwingine alimpiga kofi la bega aliyepiga yowe, wote wakacheka kicheko cha watu waliovuka barabara bila kutazama. Mimi sikupiga yowe wala sikucheka. Niliendelea kukitazama kioo cheusi, nikisubiri, kwa sababu nilijua kwamba baada ya ko zile tatu kulikuwa na kitu kingine.

"Imeisha, dada," alisema Mama Vifungo. "Unasubiri nini? Wengine wote wanakimbia, wewe unasogea!"

Wakanieleza yanayosemwa. Faili lile lilitokea tu mtandaoni, halina mwenyewe. Jina lake ni hilohilo, Ukimya 14, na kama lipo la kumi na nne, basi yapo mengine kumi na matatu ambayo hakuna aliyeyaona akabaki na akili zake. Kivuli kile kinaitwa Mwanamke wa Mlangoni. Ukiitazama video mpaka mwisho ukiwa peke yako, kabla ya siku saba kupita utasikia hodi tatu nyumbani kwako. Usijibu. Usiulize nani. Ukiuliza, atajibu kwa sauti ya mtu unayemkumbuka.

"Mimi nimeitazama jana peke yangu," alisema Mama Vifungo huku akijifuta macho kwa kicheko. "Na hodi hizo zikija nitafungua mbiombio. Miaka minne sasa sijapigiwa hata moja!"

Wenzake walicheka tena. Nami nilicheka safari hii, kidogo, maana ulikuwa mzaha. Kisha kengele ya kazi ikalia, cherehani zikawashwa, na siku ile nilishona pindo nane zilizopinda ikabidi nizifumue zote.

*

Mume wangu alikuwa mpiga video wa sherehe. Walimwita Kimya. Jina hilo alipewa kwa kejeli, kwani alikuwa mtu asiyefunga kinywa hata akiwa na mswaki mdomoni. Lilitokana na kazi yake. Kila alipoingia ukumbini, kabla bibi harusi hajafika, alisimama katikati, akapiga makofi na kusema, "Kimya, jamani, dakika moja tu! Hata kukohoa tuwekeane akiba." Wapishi walisimama na miiko hewani. Wapambaji walisimama juu ya ngazi. Naye alirekodi ule ukimya.

Mwanzoni nilidhani ni mbwembwe. Akanieleza, nikiwa mgeni katika nyumba yake na yeye akiwa na hamu ya kunielezea kila kitu. Alisema hakuna ukimya mmoja. Kila chumba kina wake, na ukikata maneno ya mtu kwenye video ukaacha pengo tupu, sikio linaruka kama mguu uliokosa ngazi. Sharti pengo lile lizibwe kwa ukimya wa chumba kilekile.

"Ni viraka, bibie," aliniambia. "Wewe unatia kiraka kwa kitambaa, mimi natia kwa ukimya. Na kiraka kizuri ni kile asichokiona mtu."

Kwa kazi, dakika moja ilimtosha. Lakini alikuwa na mkusanyo wake mwenyewe, wa vyumba alivyovipenda, na hivyo alivirekodi dakika kumi na moja kila kimoja. Alisema dakika kumi za mwanzo chumba kinajua kuwa unakisikiliza. Ya kumi na moja kinasahau. Hakuwa na chombo cha sauti peke yake, hivyo aliiacha kamera juu ya miguu yake mitatu, ikitazama chochote kilichokuwa mbele. Ndiyo maana kulikuwa na kiti. Hakukiwekea maana yoyote.

Dakika ya kumi na moja ilipotimia, aligonga mguu wa kamera mara tatu kwa pete yake ya ndoa: ko, ko, ko. Ndiyo alama kwamba ukimya umekwisha. Kisha alitaja namba ya ukimya ule, jina la chumba, na idadi ya watu waliokuwemo ndani. Hilo la mwisho hakulisahau kamwe. Niliwahi kumuuliza idadi ya watu ina kazi gani ikiwa wote walinyamaza.

"Ina kazi kubwa kuliko zote," alisema. "Ukimya wa mtu mmoja si sawa na ukimya wa wawili. Kila pumzi inachukua nafasi yake. Ukiweka ule wa mmoja mahali palipokuwa na wawili, sikio linajua, hata kama mwenye sikio hajui."

Alifariki mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Figo. Alikwenda taratibu, na maneno yalimtangulia kwenda, ikawa wiki zake za mwisho aliishi kweli kama jina lake. Matanga yalipokwisha na ndugu wakatawanyika, nilitafuta sauti yake nikagundua sina. Mtu aliyenasa sauti za maelfu ya watu hakuwa na yake popote. Katika video za harusi hayumo. Alikuwa nyuma ya kamera, na kila neno alilolisema alilikata. Katika simu yangu hamna, maana tuliishi nyumba moja, na nani humtumia ujumbe wa sauti mtu aliyeko jikoni?

Na kosa nilikuwa nimeshalifanya. Mwezi wa tatu baada ya mazishi niliiuza kompyuta yake kwa fundi wa vifaa chakavu. Niliipitia kwanza, sikuiuza kwa upofu. Niliona mafaili ya harusi, nikajua wenyewe walishachukua zao. Kisha nikaona mafaili kumi na manne yaliyoandikwa Ukimya, nikafungua moja, nikaona ukumbi mtupu, nikalifunga baada ya nusu dakika. Nikajiambia, nani anatunza ukimya? Nyumba yangu ilikuwa imejaa ukimya tele. Yale maneno ya mwisho kabisa ya kila faili niliyasahau, kama mtu anavyousahau ufunguo alioushika mkononi.

*

Mama Vifungo alikataa kunitumia video ile.

"Sitaki lawama. Ukifa nitasema nini kwa wifi zako?"

"Sema nilikufa nikiwa nacheka."

"Wewe? Hawataamini."

Mwishoni alinitumia. Jioni ile, kabla sijavua hata viatu, nilikaa kitandani katika chumba kilekile, chumba chetu cha nyuma, na kukitazama katika kiganja changu. Ukuta ambao sasa una rangi ulikuwa bado na chokaa nusu. Dirishani, mahali lilipo pazia langu la bluu, lilitundikwa shuka. Na kivuli kilipokuja kikasimama mlangoni, nilijiona. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Kile kitu cha mviringo ubavuni kilikuwa beseni la nguo mbichi. Nilikuwa nimetoka uani, nikamkuta anarekodi, na sheria ya nyumba yetu ilikuwa moja tu: ukimkuta Kimya yuko kimya, simama hapohapo ulipo mpaka pete igonge. Nikasimama. Beseni lilikuwa zito na maji yalinichuruzikia pajani.

Nilisoma maoni ya watu. Yalikuwa maelfu. Mmoja aliapa kwamba mwanamke yule hana miguu. Miguu ninayo, ilikatwa na ukingo wa picha. Mwingine aliandika kwamba amebeba kichwa cha mtu. Mwingine alisema amesikia hodi siku ya tatu, akajifungia bafuni mpaka asubuhi. Lakini kadiri nilivyoteremka, niliona hofu inapungua na kitu kingine kinachukua nafasi yake. Mtu aliandika: "Naitazama kila siku nikirudi kazini. Sijui kwa nini. Chumba changu kinafanana na hiki." Chini yake mwingine akajibu: "Na changu." Na mwingine: "Kuna yeyote yuko macho?"

Niliirudia ile sehemu ya mwisho mara kumi na zaidi. Ko, ko, ko, kisha weusi. Kila mara nilivuta pumzi kulipokea neno lililopaswa kufuata, na kila mara lilikatwa kabla halijaanza. Mtu alikuwa amelikata. Na mtu anayekata kitu huwa anajua kilikuwa na urefu gani.

*

Jumamosi nilikwenda kwa fundi. Duka lake ni jembamba kama ushoroba, limejaa redio zilizofunguliwa vifua na simu zisizo na vioo. Yeye mwenyewe ni mtu wa makamo, miwani yake imefungwa uzi sikioni, na alinikaribisha kwa uchangamfu wa mtu ambaye hajapata mteja tangu asubuhi.

"Karibu, mama. Simu au redio?"

"Kompyuta. Nilikuuzia mwaka jana. Ilikuwa na kibandiko cha ua pembeni."

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Ah, ile. Ile niliivunja, nikauza vipande vipande."

"Na diski yake?"

"Diski ilikuwa mbovu."

"Mbovu, lakini imetembea dunia nzima."

Aliirudisha miwani, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Samahani, wewe hasa ni nani?"

"Mimi ni Mwanamke wa Mlangoni."

Kiti chake kilirudi nyuma kikagonga rafu, redio moja ikaanguka. "Usinitanie, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda kama ya mtoto. Nilirudi hatua mbili mpaka kizingitini, nikageuka ubavu, nikaukunja mkono kama aliyebeba beseni. Jua la saa nne lilikuwa nyuma yangu, na kivuli changu kikalala sakafuni mwa duka mpaka miguuni pake. Alikitazama, akanitazama, akakitazama tena.

"Kumbe una miguu," alisema.

Tukacheka wote wawili. Kicheko chake kilikwisha mapema kuliko changu, akakaa, akashika paji la uso. Aliniambia hakukusudia ubaya. Alipokuwa anaisafisha diski aliyakuta yale mafaili. Yale kumi na matatu yalikuwa kumbi tupu, aliyafuta. Lile la kumi na nne alilitazama akiwa peke yake dukani, na kivuli kilipotokea aliogopa kwelikweli. Akaliweka mtandaoni na swali moja tu: jamani, hiki ni nini? Kufika jioni watu mia nne walikuwa wamemjibu.

"Mimi hapa siku nzima naongea na redio zilizokufa," alisema. "Halafu ghafla watu mia nne. Wananiuliza nimelala vipi. Wananiambia nisikae peke yangu. Hakuna aliyewahi kuniambia nisikae peke yangu."

"Mwishoni kulikuwa na sauti," nilisema.

Aliinamisha macho.

"Ilikuwepo. Sekunde kumi na tisa hivi."

"Mbona uliikata?"

"Kwa sababu ukiisikia, mambo yamekwisha. Anakuwa ni mtu tu yuko kazini. Nani atamwogopa mtu aliye kazini?"

"Umeitupa?"

Nilipouliza hivyo niliona vidole vyangu vimeishika meza yake. Kastabani yangu, ile kofia ya chuma ya kuzuia sindano, ilikuwa bado kidoleni. Nilitoka nayo nyumbani bila kujua. Miezi kumi na minne nilikuwa nimeishi kama mtu aliyezoea kiza, ambaye hakimtishi tena kwa kuwa hategemei taa. Sasa palikuwa na taa. Kama angesema ameitupa, ningelazimika kumzika mume wangu mara ya pili, na safari hii bila ndugu, bila matanga, katikati ya redio.

"Sijaitupa," alisema. "Sikutupa hata kitambulisho cha baba yangu, nitaitupa sauti ya mtu?"

Alifungua mtoto wa meza, akatoa diski iliyofungwa kitambaa, akaiunganisha. Akanipa spika za masikioni na kunigeuzia kioo. Kisha alifanya jambo ambalo sitalisahau: alitoka nje ya duka lake mwenyewe, akasimama uchochoroni, akanipa mgongo.

Kivuli. Beseni. Ko, ko, ko.

Kwanza alikohoa kidogo, kile kikohozi cha kusafisha koo ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa, na hicho peke yake kilitosha kunivunja. Halafu akasema, taratibu, kwa ile sauti yake ya kazi:

"Ukimya wa kumi na nne. Nyumbani. Chumba cha nyuma, kabla ya mapazia. Tuliomo..."

Alisita. Kusita kwake kulikuwa na tabasamu ndani. Tabasamu lina sauti, mwenye kuishi na mtu anaijua.

"Tuliomo watatu, Mungu akipenda."

Kisha sauti ya mwanamke kijana, yangu, ikitokea mlangoni kwa kunong'ona: "Umemaliza? Mkono unakatika mwenzio." Naye akacheka. Na ikaisha.

Fundi alirudi baada ya muda. Aliniletea maji, akasimama bila kujua aniwekee wapi.

"Mimi hapo ndipo paliponishinda," alisema kwa upole, ili aseme chochote. "Alikosea hesabu, eti? Yeye ndani, wewe mlangoni. Hao ni wawili."

"Hakukosea," nilisema.

*

Mwaka ule tulipohamia nilikuwa na mimba ya wiki tisa, na hakuna aliyejua. Kabla yake nilikuwa nimepata nyingine, nikatangaza kwa furaha kwa mama zangu wadogo na mashangazi, nikanunua hata sufi ya kufumia nguo za mtoto, kisha ikatoka, na kila mmoja aliyepewa habari ya kwanza ikabidi apewe na ya pili. Safari ile niliapa nitafunga mdomo mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Hata Kimya sikumwambia. Niliogopa uso wake kuliko nilivyoogopa maumivu.

Ilitoka katika wiki ya kumi na mbili, yeye akiwa safarini kurekodi harusi ya siku tatu mji mwingine. Nilikwenda zahanati peke yangu, nikarudi peke yangu, nikafua shuka. Aliporudi nilimwambia nina homa. Alinitazama, akasema, "Pole, bibie," akaingia jikoni kupika uji.

Halafu akakaa nyumbani wiki mbili. Alisema kamera imeharibika. Watu walikuja kumtafuta kwa kazi akawaambia hivyohivyo, imeharibika, samahani. Alishinda nami, akipiga porojo toka asubuhi hadi jioni, akinisimulia mabibi harusi waliokanyaga shela zao na wazee waliosinzia kwenye hotuba. Mimi nililala nikiutazama ukuta. Niliwaza kwamba mwanamume huyu haoni kitu. Nimebeba jiwe chumba hikihiki na yeye anasimulia shela. Nilimkasirikia kimoyomoyo, na hasira ile, ingawa ilipoa, haikuisha. Miaka kumi niliishi naye kwa upendo, lakini mahali pamoja ndani yangu nilikuwa peke yangu, na nilidhani ni mimi tu ninayepajua.

Kamera haikuwa imeharibika.

Niliketi katika duka lile la redio mbovu nikalielewa jambo hilo, moja hilo tu, tena na tena. Kamera haikuwa imeharibika. Alikuwa amehesabu watatu, akarudi akakuta wawili, akaona nimechagua kunyamaza, naye akaniachia ukimya wangu kama nilivyomwachia wake pale mlangoni, amesimama na beseni lake zito, akisubiri nigonge.

Sikugonga.

"Niiondoe mtandaoni?" aliuliza fundi. "Ukisema niiondoe, naiondoa sasa hivi. Au niiweke yote, na sauti yake, watu wajue?"

Nilifikiri sana. Niliwaza juu ya yule anayeitazama kila siku akirudi kazini, na yule aliyeuliza kama kuna yeyote yuko macho. Watu wengi zaidi walikuwa wamekaa dakika kumi na moja pamoja na mume wangu kuliko waliofika mazikoni kwake, na wote walikaa kimya, kama alivyopenda.

"Iache ilivyo," nilisema. "Hizo sekunde kumi na tisa nipe mimi."

*

Jumatatu Mama Vifungo alikuwa mnyonge. Alitia vifungo bila kuimba. Mchana nilimuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Kesho siku saba zinatimia."

"Unaogopa?"

"Ningeogopa ningejua la kufanya." Alichezea uzi. "Hajaja mtu, Dada Pindo. Hata huyo shetani kanipita."

Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka wa kwanza kama kawaida yake. Tumefanya kazi meza kwa meza miaka sita, na nilitambua siku hiyo kwamba sijui hata rangi ya mlango wake.

"Jumapili nitakuja mimi," nilisema. "Nitapiga hodi tatu."

"Weh! Ukipiga tatu nitakufia mikononi!"

"Basi nne."

"Nne sawa," alisema, akaanza kuupachika uzi kwenye tundu la sindano, akakosa, akakosa tena. "Na usije mikono mitupu. Mimi si Mwanamke wa Mlangoni, mimi nakula."

Jumapili ile, kabla ya kwenda kwake, nilikichukua kile kiti nikakiweka katikati ya chumba cha nyuma. Fundo langu lingali limeshika. Nilivuta pazia pembeni, nikaiegemeza simu dirishani ikielekea kitini, nikabonyeza irekodi, nikarudi mlangoni nikasimama.

Dakika za mwanzo chumba kilijua. Nilisikia damu yangu, jiko la jirani, ndege juu ya bati. Mabega yalichoka kama yaliyobeba kitu. Sikuondoka. Kisha, sijui ni dakika ya ngapi, chumba kikasahau.

Nilinyoosha mkono nikagonga fremu ya mlango kwa kastabani, mara tatu.

"Ukimya wa kumi na tano," nilisema. Sauti yangu ilikwaruza. Sikuwa nimeitumia tangu asubuhi. "Nyumbani. Chumba cha nyuma, baada ya mapazia. Tuliomo..."

Nikasita, nikatuhesabu, waliopo na waliotangulia. Nikaiacha simu iendelee kurekodi.